"Three Men and Adena": chumba kimoja, watu watatu, na bado huwezi kuondoa macho. Inawezekanaje?

KitiChaNyuma

Wadau, salaam. Naomba tuichambue "Three Men and Adena", sehemu ya msimu wa kwanza wa *Homicide: Life on the Street*, tamthilia ya polisi ya Marekani, iliyorushwa na kituo cha televisheni cha NBC tarehe 3 Machi 1993. Wapelelezi wawili (Pembleton na Bayliss), mtuhumiwa mmoja (Tucker), chumba cha mahojiano cha polisi wa Baltimore, na muda wa saa 12 kumfanya mtu akiri kumuua Adena Watson, mtoto wa miaka 11. Hakuna kufukuzana na hakuna risasi. Mauaji yenyewe hatuonyeshwi.

Nina muswada wa sehemu ya chumba kimoja mezani na ninakwama, hivyo nauliza kwa vitendo:

1. Saa 12 zimebanwaje ndani ya muda usiofika dakika 50 bila maswali kujirudia?
2. Hao waigizaji watatu walitoka wapi, na kila mmoja anabeba kazi gani?
3. Kisheria, yanayofanyika mle ndani yangesimama mahakamani Marekani?
4. Tucker aliua au hakuua?

---

MezaYaUhariri

Mkuu, nianze na la kwanza, maana ndiko miswada mingi ya aina hii inakofia.

Kosa la kawaida ni kuandika mahojiano kana kwamba ni swali moja linaloulizwa kwa sauti inayozidi kupanda: "Ulimuua?" "Sikumuua." Kufikia ukurasa wa 12 mtazamaji ameshajua kila jibu litakuwaje. Tom Fontana, aliyeandika sehemu hii na kupata tuzo ya televisheni ya Emmy ya uandishi kwayo, hakujenga juu ya swali. Alijenga juu ya nani mwenye nguvu chumbani, na nguvu hiyo inahama. Mwanzoni ni ya wapelelezi: wao ndio wenye mlango, saa na jalada. Katikati wanabadilishana kumbana na kumbembeleza. Karibu na mwisho Risley Tucker, mzee wanayemhoji, anawageuzia kibao na kuanza kuwasoma wao. Pembleton anaambiwa kwamba anawadharau watu Weusi wenzake wa mtaani. Bayliss anaambiwa kwamba ndani yake kuna giza analoliogopa. Watu waliokuja kuhoji wanatoka wamehojiwa.

Kwa hiyo kabla hujaandika mazungumzo, chukua karatasi na uigawe safu tatu. Safu ya kwanza: kila kitu polisi wanachokijua. Ya pili: kila kitu mtuhumiwa anachokijua na anakificha. Ya tatu: kila kitu mtuhumiwa anachokiona kwa wanaomhoji bila wao kutambua. Safu ya tatu ndiyo wengi huisahau, na ndiyo iliyoinua sehemu hii. Tamthilia ya televisheni ya Marekani ya wakati ule ilikatwa vipande na matangazo ya biashara, kwa hiyo kila kipande kilihitaji kufunga kwa jambo jipya. Toa jambo moja zito kutoka kwenye safu zako kila kipande kinapofunga. Ukitoa mawili, la pili halina uzito.

Ushahidi wenyewe usiwe mwingi. Hapa kinachosimama ni mabaki ya moto kwenye nguo ya Adena yanayolingana na banda la Tucker lililoungua. Hicho kinatosha kumtilia shaka na hakitoshi kumfunga. Pima muswada wako kwa swali hili: kama ushahidi ungemfunga, kwa nini wanamhoji? Na kama hakuna kitu kabisa, kwa nini yupo pale? Ukikosa jibu la mojawapo, sehemu imebomoka kabla hujafika kwenye mazungumzo.

Kuhusu saa kupita, kazi hiyo inafanywa na mhariri na idara ya mavazi. *Homicide* ilikuwa na desturi ya kukata picha ghafla katikati ya tendo: mtu amekaa, mara amesimama, sentensi ileile inaendelea. Mtindo huo unameza dakika bila kuweka maandishi ya saa kwenye skrini. Ila unadai orodha ya hali kwa kila saa ya hadithi: tai imelegea kiasi gani, mikono ya shati imekunjwa au la, jasho limefika wapi, vikombe vingapi mezani, sauti imekauka kiasi gani. Bila orodha hiyo utakuta shati kavu kwenye saa ya tisa na lililolowa kwenye saa ya saba, na huna pa kujificha kwa sababu hakuna mandhari nyingine ya kukatia.

---

PaziaLaKushoto

Naja na waigizaji.

Andre Braugher ni Frank Pembleton, mpelelezi anayejulikana kwa ustadi wake ndani ya kile chumba, ambacho wao wenyewe hukiita "the Box". Kabla ya hapo alionekana kwenye *Glory* ya 1989. Emmy yake ya Homicide ilikuja 1998. Alifariki Desemba 2023, na watazamaji wengi wa sasa wanamfahamu zaidi kama Kapteni Holt wa *Brooklyn Nine-Nine*.

Kyle Secor ni Tim Bayliss, mgeni kwenye kitengo cha mauaji, na kesi ya Adena Watson ndiyo ya kwanza kuwekwa mikononi mwake kama mpelelezi mkuu. Hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana: Pembleton akishindwa anapoteza kesi, Bayliss akishindwa anapoteza kila alichokuja kuthibitisha.

Moses Gunn ni Tucker, mchuuzi wa matunda na mboga anayetembeza mkokoteni wa farasi mitaani. Wachuuzi hao ni desturi ya zamani ya Baltimore na huko wanaitwa *arabber*, kwa hiyo siyo pambo la mwandishi. Gunn alikuwa mtu wa jukwaani hasa, alikuwemo kwenye kikundi cha maigizo cha Negro Ensemble Company, na alipendekezwa kwa Emmy kwa *Roots* ya 1977. Alifariki Desemba mwaka uleule wa 1993.

Mtazameni Gunn kwa kiasi cha nguvu anachokitumia. Muda mrefu anaongea chini, mwili umejikunja, macho mezani. Anawaacha wale wawili wachome nguvu zao zote. Halafu anapoanza kusema, hana haja ya kupiga kelele, kwa kuwa chumba kimeshachoka. Anakiri kwamba mapenzi makubwa ya maisha yake yalikuwa kwa mtoto wa miaka 11, na anaendelea kukana kumuua. Mwigizaji mwingine angelia kuanzia hapo hadi mwisho. Gunn anaibeba aibu ile bila kuomba huruma yako, na ndiyo maana unabaki hujui umchukie au umsikilize.

Ushauri kwa anayechagua waigizaji: usiweke wahoji wawili wenye mwendo mmoja. Braugher anazungukazunguka mawindo, anatabasamu, anabadilisha sauti kila sentensi. Secor ananyooka moja kwa moja na kuvunjika wazi. Hata ukizima picha, utajua nani anaongea.

Wengine wa kikosi, akina Yaphet Kotto aliye Luteni Giardello, wako nje ya uzito wa sehemu hii. Mwongozaji alikuwa Martin Campbell, yuleyule aliyeongoza baadaye *GoldenEye* na *Casino Royale* ya 2006.

---

KifunguCha5

Swali la tatu.

Onyo la Miranda (polisi kumwambia mtu kwamba ana haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili), kutoka kesi ya *Miranda v. Arizona* ya 1966, linahitajika mambo mawili yakikutana: mtu yuko chini ya mamlaka ya polisi, na anahojiwa. Anaweza kuikataa haki ya kunyamaza na kuongea kwa hiari yake. Akisema wazi kwamba anataka wakili, mahojiano yanasimama hadi wakili afike au yeye mwenyewe aanzishe tena mazungumzo. Hiyo ni *Edwards v. Arizona*, 1981. Kwa mwandishi maana yake ni moja: swali la "kwa nini haombi wakili?" lijibiwe kwenye kurasa za mwanzo kabisa. Usipolijibu, mtazamaji makini atakaa nalo hadi mwisho na hatasikia kingine.

Polisi kumdanganya mtuhumiwa kuhusu ushahidi, peke yake, hakuui ungamo. *Frazier v. Cupp* ya 1969 ilihusu mtu aliyeambiwa uongo kwamba mwenzake ameshakiri, na ungamo lake likapokelewa.

Muda je? Saa 12 si mpaka uliowekwa na Mahakama ya Juu ya Marekani. Majaji huangalia hali nzima: umri, afya, usingizi, chakula, vitisho. Lakini muda mrefu unaweza kuwa shinikizo lenyewe. *Ashcraft v. Tennessee* ya 1944 ilikataa ungamo lililotokana na mahojiano ya saa 36 mfululizo. Ukitaka saa yako ya hadithi iwe na maana, mpe mhusika sababu yake: mkuu wa kitengo anajua kila saa inayoongezeka inampa wakili wa utetezi hoja.

Sasa, pale Bayliss anapomkamata Tucker na kumsogeza uso kwenye bomba la moto. Hapo kesi imekufa, hata kama hakuna ngozi iliyoungua. Tangu *Brown v. Mississippi* ya 1936, ungamo lililopatikana kwa mateso haliingii mahakamani, na chochote ambacho Tucker angekiri dakika tano baadaye kingeshambuliwa kwa tukio hilohilo. Kwa hiyo tukio lile linampa mtazamaji jambo baya kuliko ukatili: mtu anayeitaka haki ya mtoto yule kuliko wote ndiye anayeiharibu kwa mikono yake. Liandikeni hivyo. Ukiandika kipigo kama ushujaa, umeandika kitu kisichofanya kazi kisheria wala kihadithi.

---

KitiChaNyuma

Asanteni sana wakuu. Safu ya tatu ya MezaYaUhariri imenifungua, nilikuwa na mbili tu. Bado naomba upande wa kamera: chumba kidogo, meza moja, watu watatu. Nikipanga picha naishia kwenye uso, uso, uso.

---

Futi400

Uso ni sawa, tatizo ni kuufikia mapema. Ukianza karibu huna pa kwenda.

*Homicide* ilipigwa kwa filamu ya Super 16, kamera begani. Sababu ya kivitendo: kamera ya milimita 16 ni nyepesi, na kaseti ya futi 400 inakupa takriban dakika 11 kwa picha 24 kwa sekunde. Futi 400 za milimita 35 zinaisha kwenye dakika nne na nusu hivi. Dakika 11 zinamwezesha mwigizaji kupita kwenye kipande kirefu cha mahojiano bila kukatwa, na mpiga picha anamfuata anakokwenda. Leo kwa kamera ya dijitali kikomo hicho hakipo, lakini faida ya kumwachia mwigizaji urefu ipo palepale.

Watu watatu mezani wanakupa mistari mitatu ya kutazamana. Kanuni ya kutovuka mstari (kamera ibaki upande mmoja wa mstari wa watu wanaotazamana) inakuwa ngumu kila mmoja anaposimama, kwa hiyo wasisimame ovyo. Mtuhumiwa akae, wahoji wazunguke. Mhoji akisimama nyuma ya mtuhumiwa, una picha yenye watu wawili wasioonana, na hiyo ina hofu zaidi ya ngumi. Weka nafasi hiyo akiba. Ukiitumia kwenye ukurasa wa pili, haitakuwa na nguvu tena ya kubeba ukurasa wa 40.

Mwanga: chanzo kimoja kinachoonekana, kibaki mahali pake saa zote. Ukiuhamisha ili kupendezesha uso, chumba kinaacha kuwa chumba. Na sauti ya chumba kitupu rekodi walau dakika nzima kabla waigizaji hawajaingia, mhariri ataihitaji kwenye kila mkato.

---

PaziaLaKushoto

Swali la nne limerukwa. Kwangu Tucker hakuua. Mtu aliyekiri jambo la aibu kuliko yote aliyonayo hana tena sababu ya kuficha lililobaki.

---

MezaYaUhariri

Hapo siko nawe. Kukiri jambo dogo ili kulinda kubwa ni kitu cha kawaida kabisa kwenye vyumba hivi, na adhabu ya mambo hayo mawili hailingani hata kidogo. Ila tazama muswada unavyokataa kumpa ushindi yeyote kati yetu. Bayliss anaingia akiwa na hakika, Pembleton akiwa na shaka. Wanatoka wamebadilishana: Pembleton sasa anaamini Tucker ndiye, Bayliss hajui tena. Ushahidi ni uleule, watu wawili walewale, majibu yamepishana. Fontana angetoa jibu hapo, mabadilishano hayo yangegeuka kuwa mmoja kakosea na mwingine kapatia, basi.

Pia kumbuka chanzo. Mfululizo umetokana na kitabu cha David Simon cha 1991 kuhusu mwaka mmoja ndani ya kitengo cha mauaji cha Baltimore, na kesi ya Adena imechorwa kutoka kesi halisi ya 1988 ya mtoto wa kike wa miaka 11. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji yale. Kumfunga mtu kwenye tamthilia kungekuwa kusema uongo juu ya mtoto yule.

---

KifunguCha5

Kwa atakayeendelea kutazama (asiyetaka kujua mbele aruke aya hii): kesi inarudi msimu wa nne kwenye "Requiem for Adena" ya 1996, Chris Rock akiwa mwigizaji mgeni, na bado haifungwi. Msimu wa tano ndipo tunajua kwamba Bayliss alidhulumiwa kingono utotoni na ndugu wa familia. Ukijua hilo, rudi usikilize tena Tucker anavyomwambia kuhusu giza lake, na uangalie uso wa Secor.

---

Futi400

Nyongeza kwa anayeitafuta: namba zinachanganya. NBC waliirusha ikiwa ya tano. Lakini "Night of the Dead Living", ambayo nayo imefungiwa sehemu moja usiku mmoja wa joto, ilitengenezwa kuwa ya tatu na NBC wakaisogeza hadi mwisho wa msimu, tarehe 31 Machi. Ukifuata mpangilio wa utengenezaji, "Three Men and Adena" inakuwa ya sita. Tafuta kwa jina, si kwa namba. Na KitiChaNyuma, zitazame hizo mbili pamoja: moja ina watu watatu wenye lengo moja, nyingine ina kikosi kizima kisicho na la kufanya, na utaona jinsi chumba kinavyobana kwa njia mbili tofauti.