Tupeane uzoefu: rafiki aliyekushika mkono wito ulipokuelemea

Mwanamakete:
Kamwene wana Nyanda za Juu. Ndaga kwa wa Rungwe na Kyela.

Mimi ni mwinjilisti wa mtaa huku Makete, miaka mingi sasa. Watu wakisikia "wito" wanaona kanzu na kwaya. Hawaoni kupanda mlima kwenda kuzika kwenye ukungu wa Juni, wala posho inayokuja kwa debe la viazi. Miaka ile UKIMWI unamaliza nyumba, bibi anabaki na wajukuu, tulizika mpaka ibada ya maziko nikawa naiendesha bila kufungua kitabu. Sikuacha kuamini. Nilichoka tu, nikiomba naona naongea na ukuta.

Aliyenitoa hapo hakuwa mkuu wa kanisa wala semina. Ni fundi cherehani wa Njombe mjini, tulisoma naye shule ya msingi. Kanisani hana cheo, hata kwaya hayumo. Kila akipata nafasi anapanda basi, enzi hizo barabara ni tope tupu, anafika amechafuka hadi magoti. Anaingia jikoni moja kwa moja, anavuta kigoda, anamenya viazi. Halafu anauliza bila kuniangalia: "Umeshalia?" Nikisema bado, anasema basi leo tule kwanza, maombi kesho. Nalala hadi jua linatoka. Nikiamka nakuta amenishonea kola ya kanzu iliyokuwa imeachia.

Siku moja nasoma 1 Wafalme 19 nikacheka peke yangu. Eliya anaomba afe, malaika anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, anamlisha mara ya pili. Ndipo safari ya Horebu.

Haya, padre, sista, mama mchungaji, nesi, mwalimu, leteni visa. Mafungu matupu tunayo nyumbani.

MamaUyole:
Mama mchungaji hapa. Usharikani huwezi kuwa na shoga. Ukizoeana na mmoja, wengine wananuna, na ukilalamika jikoni, Jumapili limeshafika kwa wazee wa kanisa. Rafiki yangu ni Muislamu, anauza mchele Mwanjelwa. Mwaka tuliohamishwa ghafla, watoto katikati ya muhula, niligoma kwenda ibadani. Nikasingizia kichwa. Akaja na mdogo wake amshikie watoto, akanisimamia pale mlangoni: "Mimi Ijumaa nafunga genge na wateja wamejaa. Wewe Jumapili unamnunia Mungu kitandani? Vaa kitenge." Nikavaa. Mpaka leo akiniona nimepooza ananiuliza kama nimesali.

Kibiriti:
😂😂 Vaa kitenge! Huyo ni mwinjilisti kabisa.

NesiWaMilimani:
Mimi Mmoraviani, nesi wa hospitali moja ya misheni. Kuna kipindi mishahara ilikwama, wenzangu wakakimbilia serikalini, nami nilishaandika barua ya kuacha. Rafiki niliyesoma naye chuo yuko Chunya, mimi niko Ileje. Tunalo lile Neno la Siku, mstari wa Biblia unaochaguliwa kwa kura kule Herrnhut, Ujerumani, kitabu chake kinachapwa kila mwaka tangu 1731. Anayeamka kwanza anamtumia mwenzake. Masharti ni kujibu ukweli, hata ukiwa mbaya. "Leo silielewi." "Leo mtoto kanifia mkononi, usinihubirie." Hahubiri. Ananipigia usiku zamu ikiisha, tunaongelea bei ya maharage. Barua ile bado ninayo kwenye begi, ila sijaipeleka.

Katekista_Pawaga:
Nipingane kidogo na wote. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno, na hapo walipatia, wakaharibu walipofungua mdomo. Lakini kuna rafiki ambaye kunyamaza kwake ni woga. Mimi nilikuwa nazunguka vigango kwa baiskeli kwenye joto la Pawaga, mgongo umekwisha, mke analalamika, watu wote wananisifia "katekista wetu jembe". Rafiki mmoja tu ndiye alimfuata paroko, bila hata kuniuliza, akamwambia huyu mtu mtamzika. Nikapewa msaidizi. Nilimnunia kweli kweli, nikaona kanivua nguo. Sasa hivi tunalima naye mpunga shamba moja.

Kibiriti:
Mwanamakete, na siri za waumini? Huyo fundi wako unamwambia yote?

Mwanamakete:
Hapana. Nililoambiwa na muumini linabaki hapo hapo. Namwambia tu nimebeba mzigo mzito, na yeye hachimbi. Akianza kuchimba, huyo mwache, atakumaliza.

Mgeni_Ludewa:
Nimesoma yote. Nimetokea Dodoma, nimepangiwa usharika mdogo Ludewa, mwezi ujao naripoti. Simjui mtu hata mmoja. Huyo rafiki mnampataje?

Mlangali1:
Mchungaji, nicheki PM. Niko Mlangali, nafundisha sekondari, pikipiki ninayo. Ukifika nakuja kukuchukua stendi, mke wangu atapika kande. Na sweta usisahau. Paulo akiwa kifungoni alimsihi Timotheo amletee joho aliloliacha kwa Karpo kule Troa, tena awahi kabla ya baridi. Wewe huku huna Timotheo wa kumtuma Dodoma, kwa hiyo beba mawili.