Baiskeli hadi kwenye kupatwa kwa jua: Luxor 2027, Botswana 2030 au tusubiri pete ya 2031?

MtuWaIsevya: Wakuu, habari zenu. Tuko watatu hapa Tabora, baiskeli tunazo, miguu tunayo, tunataka kuliona jua likipatwa lote, si nusunusu. Nimebaki na njia tatu. Luxor, Misri, tarehe 2 Agosti 2027: giza la dakika 6 na sekunde kama 20. Kusini mwa Botswana, 25 Novemba 2030. Au tukae nchini tusubiri Mei 2031, pete, yaani jua lililobaki ukingo tu, itakapopita kusini mwa nchi. Mnasemaje?

SpokiMbili (Kigoma): Luxor kwa baiskeli sahau. Ukimaliza Uganda unakuta Sudan Kusini, na Sudan yenyewe iko vitani tangu Aprili 2023. Utapanda ndege, baiskeli iko ndani ya boksi. Hapo ni mzigo tu, safari ya baiskeli haipo. Ila anga la Luxor mwezi wa nane ni jeupe, hilo sibishi.

DadaUjiji: Mimi nachagua 2031. Hakuna pasipoti wala mpaka, hela ya kula tu. Jua ni lilelile.

MzeeMbarali: Mwanangu, si lilelile. Nilikuwa Rujewa tarehe 1 Septemba 2016. Pete niliiona, nzuri sana, lakini giza halikuingia. Kibaridi kidogo, mwanga ukafifia kama wa jioni ila rangi yake siyo ya jioni, basi. Siku za pete mwezi uko mbali na dunia, unaonekana mdogo kuliko jua, ukingo unabaki unawaka. Na ukingo ule mwembamba unatosha kukunyima ule weupe unaolizunguka jua, wanauita korona. Miwani maalumu huvui hata sekunde moja. Jua likifunikwa lote ndipo unavua, kwa dakika zile tu, likichungulia unavaa. Hiyo bado sijaiona, na nina miaka 62.

DadaUjiji: Haya mzee wangu, nimenyamaza.

SpokiMbili: Basi Botswana. Tabora hadi Mpanda kilomita 340 na ushei, kisha Sumbawanga, Tunduma, Lusaka, mnavuka Kazungula kuingia Botswana kwa daraja (pantoni tuliiaga 2021), mnashuka hadi kusini. Ni zaidi ya kilomita 3,000. Kwa 70 kwa siku ni siku 45 za kukanyaga, ongezeni za pancha na za kuumwa matumbo, miezi miwili. Tokeni mwanzoni mwa Septemba.

FundiKeria (Sikonge): Nimebeba asali kwa baiskeli njia ya Inyonga miaka mingi, nisikilizeni. Ukishapita Ipole mbung'o wanakula mtu. Msivae bluu wala nyeusi, ndizo rangi wanazozifuata. Baiskeli: kitu ambacho fundi wa kijijini hawezi kukigonga kikanyooka, kiacheni nyumbani. Spoki kumi za akiba, tyubu nne, solusheni mpya kabisa, maana iliyokwisha kufunguliwa hukauka mkiwa porini. Sitalike ombeni lifti ya lori. Barabara inapita Hifadhi ya Katavi, na simba hajui kengele.

SpokiMbili: Kule Botswana, Kasane hadi Nata, nako tembo wanakatiza barabara. Jua halijazama muwe mmeshasimamisha hema.

MtuWaIsevya: Novemba huko si mvua?

MzeeMbarali: Mvua zinaanza, lakini kusini-magharibi ni jangwa la Kalahari, na mawingu ya huko hujikusanya zaidi mchana kwenda jioni. Jua litapatwa asubuhi mapema. Ubaya wake ni kwamba litakuwa chini bado, kwa hiyo tafuteni uwanda usio na miti upande wa mashariki, mlale hapohapo. Na dakika hazifiki nusu ya zile za Luxor.

MtuWaIsevya: Miezi miwili ya kukanyaga kwa dakika zisizofika tatu! Mke wangu asiipate hii. Botswana basi. Mzee, wewe una baiskeli?

MzeeMbarali: Ninayo Phoenix. Keria ndiyo imelegea.

FundiKeria: Ilete Sikonge.