Tupeane uzoefu: hedifoni za masikioni zisizozidi 50,000

Mtoto wa Gongo la Mboto
Wakuu, leo asubuhi nikiwa kwenye daladala, tumefika Tazara tu upande wa kulia ukakata. Kimya. Hii ni ya nne tangu mwaka uanze, na zote ni zile za buku tano mpaka kumi. Nimepiga hesabu nikaona aibu, hela yote hiyo ningenunua moja ya maana. Leteni uzoefu: ipi inasikika vizuri, ipi haiumizi sikio? Mimi ni Bongo Fleva na mpira wa redioni, basi.

Shangazi wa Mwembeni
Kwangu hufa kushoto. Pole.

Fundi Kipaza
Mkuu, hedifoni haifi, unaiua. Waya hukatikia pale shingoni kwenye jeki, au pale unapogawanyika kwenda masikio mawili. Unaingiza simu mfukoni jeki ikiangalia juu, unakaa, waya unajikunja, wiki tatu kwisha. Mimi nilihamia hedifoni za kampuni ya KZ, aina ya ZSN. Waya wake unachomoka kwenye sikio kwa pini mbili, ukifa unanunua waya tu, spika unabaki nazo. Ndani kila upande una spika mbili, moja ya bezi na ndogo ya sauti za juu. Nilitoa 35,000 pale Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na nina mwaka wa tatu. Halafu hebu tuambie, hizo nne zako zilikufa upande gani?

Mwalimu Mkali
Kwanza turekebishe lugha. Hedifoni ni ile ya kuvaa kichwani kama rubani. Hizi ni iafoni.

Kijana wa Luthuli
Mwalimu, hata kinyozi wangu hapa Nairobi anaita iafoni ile kubwa ya kufunika masikio. Acha watu waongee.

Mwalimu Mkali
Kinyozi wako siyo kamusi.

Binti Kanuni
Mimi nasikiliza taarab asilia, ile ya kanuni na fidla, si hii ya kurukaruka. Nilikuwa na zile hedifoni za AKG zilizokuja kwenye boksi la Samsung S8 mwaka 2017, za kaka yangu. Wallahi nilisikia vidole vya mpiga kanuni vikigusa nyuzi. Nikarudi kwenye za kawaida nikaona kama mtu kafunika redio kwa mto.
Ila kwenye kustarehesha sikio, jamani, wanawake tuna matundu madogo. Hedifoni nyingi zinakuja na vimpira vya saizi ya kati vimeshavalishwa, na watu wengi hawafungui kile kifuko chenye vidogo na vikubwa. Mimi nilikitupa miaka yote! Siku nilipovalisha vidogo, hata bezi iliongezeka.

Fundi Kipaza
Hapo dada umepatia. Bezi inaletwa na kuziba. Kimpira kisipoziba tundu, hata hedifoni ya laki tano italia kama mbu. Na waya upitishe nyuma ya sikio, ile kwaruza ya shati inapungua.

Kijana wa Luthuli
Bezi ndio mambo yote. Mimi sijali vidole vya nani, nataka kifua kitetemeke. Na waya ni za wazee, nunua blututhi.

Kondakta Mstaafu
Blututhi za bei ya chini nilizijaribu. Mwezi wa kwanza chaji saa nne, mwezi wa sita dakika arobaini. Moja ilidondoka Ubungo, nikaiona inakanyagwa na mwendokasi kwa macho yangu. Waya hauangukii barabarani, unaning'inia shingoni. Nimemaliza.

Nesi wa Zamu
Hedifoni zisizoziba zina hasara nyingine. Unaongeza sauti ili kushinda konda na injini. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, ndio mwisho wa usalama. Ukizidisha sauti, muda unapungua haraka sana.

Kijana wa Luthuli
Nani ana kipimo cha desibeli kwenye matatu?

Mlinzi Usiku
Mmenikumbusha kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Mimi ni mlinzi, usiku nachomeka sikio moja tu, la kulia, kushoto nasikilizia geti. Nilinunua kwa winga, hawa madalali wa mtaani, buku saba, nembo kubwa ya kuvutia, feki tupu. Saa tisa usiku nachomoa, spika imetoka bila kimpira. Kimpira kimebaki ndani.
Nikawa kama nimezamishwa kichwa kwenye ndoo. Nikachukua kibanio cha nywele cha mke wangu kilichokuwa kwenye begi la chakula, nikachokonoa. Kikaingia zaidi. Nikaanza kutokwa jasho, nasikia moyo wangu mwenyewe unapiga ndani ya sikio, dum, dum. Nikaruka kwa mguu mmoja kama mtu aliyetoka kuogelea. Mwenzangu wa geti la pili ananiangalia, anadhani nimepandisha mashetani.
Asubuhi hospitali. Daktari akavaa taa kichwani, akaingiza kibano kirefu, akatoa kimpira cheusi. Nikainuka kushukuru, akasema kaa, bado. Akatoa kingine. Cheupe! Kimezungukwa na nta. Hicho nilidhani kilipotea kitandani tangu Ramadhani. Miezi yote hiyo nilikuwa nagombana na mke wangu kwamba siku hizi anaongea kwa chini, na nilishatupa hedifoni mbili nikisema upande wa kulia umekufa.

Shangazi wa Mwembeni
Nimecheka hadi mtoto kaamka.

Binti Kanuni
Mkeo umemwomba radhi?

Kondakta Mstaafu
Kwetu ingekuwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu, unalala ubavu, kinateleza chenyewe.

Nesi wa Zamu
Usimwage chochote kwenye sikio lenye kitu ndani. Na vibanio muache kichwani.

Mwalimu Mkali
Kimpira kilichotoka ni cha iafoni.

Fundi Kipaza
Mwenye uzi hajajibu swali langu. Zilikufa upande gani?

Mtoto wa Gongo la Mboto
Kulia. Zote nne.

Fundi Kipaza
Chukua hiyo ya leo, spika ya kulia iweke sikio la kushoto. Kisha utuambie.

Mtoto wa Gongo la Mboto
Inaongea vizuri tu wakuu. Na zile tatu nilishampa mdogo wangu azichezee, kumbe anazitumia kila siku. Nesi, sikio wanaanza kuangalia saa ngapi asubuhi?