Tupeane uzoefu: "ndege mdogo" anayeelea kwenye maua, kumbe nondo

Wadau wa Dodoma na Singida, mvua zikishachanganya picha ni ileile: mdudu wa kahawia anaelea mbele ya ua, mabawa hayaonekani kwa kasi, na mwenye picha anasema ni ndege mvumaji. Wavumaji wako Amerika tu. Ndege wetu wa kunyonya maua ni chozi, naye mara nyingi hutua kwenye kijiti kwanza.

Tazameni kichwa. Nondo ana papasi mbili (vile vipembe vya kugusia kichwani) na mrija mwembamba; akishanyonya anaukunja duara chini ya kichwa. Mdomo wa chozi haukunjiki. Wa mchana huku mara nyingi ni Macroglossum trochilus, mdogo, mabawa ya nyuma yana rangi ya chungwa.

Semeni mlimwona saa ngapi na kwenye ua gani.

Bustani ya Kisasa: Wangu alikuja asubuhi kwenye lantana. Mwili kijani, una mkanda mwekundu, mabawa maangavu kama kioo. Watoto walikimbia wakidhani ni nyigu.

Mleta mada: Huyo naye ni nondo, Cephonodes hylas, dada, hana mwiba. Akitoka kwenye buu (kifuko ambamo kiwavi hugeuka nondo) mabawa yana vumbi, akiruka mara ya kwanza vumbi linapukutika. Kama una gadenia, pekua majani yake, viwavi wake wanayapenda, na ya mbuni pia.

Mizabibu Makutupora: Mimi nakutana na kiwavi tu. Mnene, ana pembe mkiani na madoa kama macho karibu na kichwa. Vijana walitaka kupuliza shamba zima, nikakataa. Tuliwaokota kwa mkono, hawakujaza hata kopo.

Mleta mada: Umefanya vizuri sana, mkuu. Kwenye mzabibu, mwenye sura hiyo mara nyingi ni kiwavi wa nondo Hippotion celerio. Pembe haichomi. Mzazi wake huanza kuzunguka maua jua likizama, ndiyo maana humwoni shambani mchana.

Manyoni juu: Nina mipapai kando ya korongo lenye vichaka. Giza likiingia nondo wakubwa wanatoka kwenye mpapai dume wanaenda kwa majike. Jirani yangu alifyeka vichaka vyote, mipapai yake inachanua vizuri lakini matunda ya kuhesabu. Kuna uhusiano?

Mleta mada: Upo, na hili ndilo lililonifanya nifungue uzi. Mwaka 2009 Dino Martins na Steven Johnson walichapisha utafiti wao wa vijijini Kenya: nondo wa jamii hii ndio wachavushaji wakuu wa papai. Ua la mpapai jike halina chakula cha kuwatosha, kwa hiyo wanaishi kwa maua ya porini, na viwavi wao wanahitaji mimea ya vichakani. Mwambie jirani aache hata ukanda mmoja wa kichaka uote upya. Na anayepuliza dawa ya mboga jirani na mipapai asipulize jioni.