Nina sentimita 174, kocha kasema siwezi kuwa beki wa kati. Nihame namba?

Kivuli19 (mleta uzi):
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 19, nacheza namba 5 kwenye timu ya daraja la tatu huku mkoani, jina naliweka kapuni. Tangu shule ya msingi sijawahi kucheza namba nyingine. Msimu huu tumepata kocha mpya, kanipima kwa macho tu, kasema: "Kijana mpira unaujua, ila kitasa lazima awe mrefu. Nenda namba 2." Nimecheza huko pembeni, beki wa kulia, mechi mbili, ya pili nikatolewa mapumziko. Pumzi ya kupanda na kushuka ninayo. Shida ni kwamba nikiwa kule uwanja nauona nusu.

Nyie mnaofuatilia mpira wa mataifa, mabeki waliotamba Kombe la Dunia na AFCON walikuwa na nini hasa? Kama ni urefu, nahama kwa roho safi. Kama kuna kitu cha kujifunza, nianzie wapi? Naomba tu msilete habari za Simba na Yanga.

Jicho la Jukwaani:
Dogo, tafuta mechi za Italia za Kombe la Dunia 2006. Nahodha Fabio Cannavaro alikuwa na sentimita 176, kakuzidi soli ya njumu tu. Mechi 7, Italia ikafungwa mabao 2: Zaccardo alijifunga dhidi ya Marekani, na Zidane wa Ufaransa akafunga penalti kwenye fainali. Basi. Mwaka huo Cannavaro akachukua Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka.

Ila kwangu mimi kuna jambo zito kuliko hayo mabao. Mashindano mazima hakuonyeshwa hata kadi ya njano. Beki anayevuta jezi ni yule aliyechelewa.

Mzee wa Njumu:
Mnampa mtoto wa watu matumaini hewa. Cannavaro nyuma yake alikuwa na kipa Buffon, mbele kiungo Gattuso, ubavuni beki mwenzake Nesta. Huyu ana nani?

Jicho la Jukwaani:
Mzee, Nesta aliumia mechi ya tatu na Jamhuri ya Cheki, hakurudi tena. Akaingia Materazzi, naye akala nyekundu na Australia. Robo fainali na Ukraine akasimama na Barzagli. Walibadilika pembeni yake, ukuta ukabaki palepale. Buffon nakupa, hapo sina ubishi.

Pweza_Tanga:
Dickson Job naye si mrefu na amecheza kati Taifa Stars. Sijataja klabu, msinipige.

Kocha Mchangani:
Nimecheza sentahafu, yaani beki wa kati, miaka 11, siku hizi nafundisha vijana, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.

Tazama nusu fainali ya 2006 kule Dortmund, Italia na Ujerumani, mwisho kabisa wa dakika za nyongeza. Italia inaongoza 1-0, Wajerumani wanamwaga mipira ndani. Cannavaro anaruka, anaupiga kichwa. Mpira unashuka kwa Podolski, na kabla hajautuliza, Cannavaro yuleyule kishafika kuuchukua. Unaenda kwa Totti, kwa Gilardino, kwa Del Piero, 2-0. Watu wanakumbuka bao. Mimi vijana wangu nawaonyesha miguu ya beki: ametua na tayari anakimbia. Beki wa kawaida akishapiga kichwa kizuri husimama kuutazama mpira ulikokwenda.

Sasa wewe na hizo 174. Ukimsubiri straika mrefu mpaka mruke pamoja, umeshafungwa. Mwahi kuruka wewe. Simama hatua moja nyuma ya pale mpira utakapodondokea, uje ukiwa kwenye mwendo, naye awe amesimama. Mpira ukiwa bado mguuni kwa mpiga krosi, mguse straika wako kidogo kwa mkono ujue alipo, kisha mwachie. Ukimshika ni penalti.

Mpira ukiwa chini, usimkabili kifua kwa kifua. Kaa kiubavu, mguu mmoja mbele, umsukumie kwenye mguu anaouchukia. Kila mpira ukiwa mbali, piga jicho nyuma ya bega. Na punguza kuteleza. Kuteleza kunapigiwa makofi na jukwaa, lakini ukikosa, huyo aliyekupita anabaki na kipa.

Halafu sema. Saudi Arabia walipowafunga Argentina 2-1 mwaka 2022, kipindi cha kwanza Argentina walikataliwa mabao 3 kwa kuotea (offside). Mabeki wa Saudia wanapanda pamoja kwa sauti moja, straika anabaki nyuma yao ameotea. Mmoja tu angelala usingizi, wote wangeumbuka.

Dada Namba Nne:
Naongeza la kichwani, maana wanaume mkianza habari za misuli hammalizi. Nusu fainali ya Kombe la Dunia 1998, Ufaransa na Croatia. Kipindi cha pili ndiyo kwanza kimeanza, Šuker wa Croatia anafunga kwa sababu Thuram, beki wa Ufaransa, amebaki nyuma ya wenzake na kumwondolea kuotea. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Thuram ndani ya dakika moja kasawazisha, baadaye akafunga la pili, Ufaransa ikaenda fainali. Alichezea Ufaransa mechi 142, mabao yake yote ni hayo 2.

Na upande wa pili, wa kusinzia: AFCON iliyochezwa Januari 2024, sisi na Zambia pale San Pedro. Msuva ametufungia mapema, Zambia wamebaki 10 tangu kipindi cha kwanza, dakika ya 88 Patson Daka anasawazisha kwa kichwa. Bado naumwa.

Mzee wa Njumu:
Haya, nimesoma, nalainika. Lakini kocha wako si mjinga, dogo. Kule juu mpira mwingi unapita chini, beki anapata nafasi ya kusoma. Daraja la tatu uwanja una mashimo, kila timu inabutua, na kona moja inaamua mechi. Yeye anapanga kwa ajili ya Jumamosi, wala hapangi kwa ajili ya fainali ya Berlin ya 2006. Mwenzako wa kati, namba 4, ana urefu gani? Na mabao mliyofungwa yamepitia wapi?

Kivuli19:
Ahsanteni sana wakubwa. Namba 4 ana kama 188, anaruka vizuri ila hasemi kitu uwanjani, na mipira ya kupenyezwa nyuma yake haiwahi. Mechi 2 nilizokaa pembeni tumefungwa mabao 4. Moja la kona. Matatu yamepita katikati yetu, chinichini.

Mzee wa Njumu:
Matatu chini! Sasa hiyo ndiyo hoja ya kumpelekea. Mwambie kocha yule mrefu apambane na mipira ya juu, wewe ukae hatua 2 nyuma yake uokote ya pili na umsemeshe. Omba kipindi kimoja tu cha mazoezi.

Kocha Mchangani:
Na mwambie kocha kwenye kona wewe usimkabe mtu, ukae nguzo ya karibu. Hapo 174 inatosha.

Kivuli19:
Kesho tuna mazoezi saa 10. Nitamwomba, nitaleta mrejesho hapahapa.

Mzee wa Njumu:
Habari za Cannavaro usimguse nazo. Anza na hayo mabao matatu.