Ukuta wa ndege: gumzo la majirani

Mama Salma: Habari za jioni wapendwa, mwenye ukuta kakubali na kasaini kabisa. Sasa semeni, tunachora ndege gani

Kaka Idi: Tausi!! Akitandaza ule mkia ukuta mzima umejaa

Dada Neema: Tausi mzuri kaka Idi ila asili yake Bara Hindi huko, kwetu anafugwa tu. Mi naomba tuchore ndege ambao mtoto akigeuza shingo anawaona mtini, chozi, mnana, mdiria, kigong'ota, hata tetere. Tausi kashachorwa kila mahali, mnana nani kamchora?

Kaka Idi: Lakini dada mnana kadogo vile nani atakaona toka barabarani

Dada Neema: Ukuta ni wetu, tunamchora mrefu kuliko mlango. Pale chuo kikuu cha Cornell Marekani, Jane Kim alimaliza 2015 ukuta wenye familia 243 za ndege wa dunia nzima, kila mmoja kwa ukubwa wake halisi, na kule inafaa maana watu wanasimama ndani wanatazama taratibu. Sisi watu wanapita, kwa hiyo tuwakuze

Mama Salma: Shikamoo Babu, naona uko hewani, we unasemaje

Babu: Marahaba mwanangu. Mnana nampigia kura ila mchoreni na kiota chake. Dume ndo anayefuma, anachana majani mabichi maana makavu hayakunjiki, anaanza na kitanzi anasimama humohumo ndani anafuma kuzunguka mwili wake mpaka kiota kinafunga, mlango anauweka chini. Halafu ananing'inia pale anapigapiga mabawa kumwita jike aje akague, jike asipopenda kazi yote bure, anaanza kingine. Mchoreni akiwa ananing'inia hivyo kichwa chini

Dada Neema: Babu hapo umeniua, hiyo ndo picha ya katikati 🙌🏾

Salma: 📷 Dada Neema na hii ya chozi nimeitoa mtandaoni, nzuri eeh?

Dada Neema: Nzuri mdogo wangu ila huyo sio chozi, ni ndege wa bara la Amerika anayesimama hewani mbele ya ua, hata undugu hawana. Chozi mara nyingi anatua kwanza kwenye kikonyo ndo anaingiza mdomo. Tukimchora anaelea watoto wote wa hapa watajifunza ndege ambaye hayupo, na ukuta unakaa miaka. Wewe una simu nzuri, mvizie pale kwenye maua asubuhi umpige picha mwenyewe, dume na jike, maana jike hana ule mng'ao na watu wanamsahau

Salma: Sawa dada nitamvizia

Dada Neema: Na miguu jamani, piga picha miguu. Ndege wengi wana vidole vitatu mbele kimoja nyuma ila kigong'ota ana viwili mbele viwili nyuma, ndo vinamshika kwenye gogo, na mkia anauegemeza

Kaka Idi: Mdiria je, ile buluu tunaipataje

Dada Neema: Hiyo ndo ngumu. Buluu ya mdiria haitokani na rangi, ni unyoya ulivyojengwa ndani ndo unarudisha mwanga wa buluu, kwa hiyo ukipaka buluu moja ya kopo anakuwa kafa. Tunapaka tabaka nyembamba, nzito chini, nyepesi juu, na tumbo lake la chungwa lisipoe maana hilo ndo linaiwasha buluu

Baba Tatu: Kabla ya hizo rangi mnisikilize mie fundi. Upande wa kulia ukuta unatoa chumvi, kuna unyevu unapanda, ukipaka juu yake rangi inabanduka hata iwe ya bei gani. Tutafute maji yanakotoka kwanza, tukwangue, tupige brashi, ukauke, ndo praima, ile rangi ya kwanza ya kushikiza. Pale tulipopiga plasta mpya tusubiri kama wiki nne

Mama Salma: Wiki nne zote baba Tatu??

Baba Tatu: Plasta mbichi inakula rangi mama

Dada Neema: Tusubiri tu, tutapata picha za kutosha. Siku ya kuhamisha mchoro toka karatasini kwenda ukutani watoto waje wajaze ukuta herufi na alama za ovyo kwa chaki, napiga picha, naweka mchoro juu yake kwenye simu, basi kila alama inanionyesha jicho liko wapi bawa liko wapi, hatuhitaji projekta

Kaka Idi: Na mageti ya maduka? Kule New York tangu 2014 wanachora ndege walio hatarini kwa mabadiliko ya tabianchi, mpaka kwenye mageti, yakifungwa usiku ndo unawaona

Dada Neema: Wazo zuri kaka, waulize wenye maduka. Geti moja nipeni bundi, huyo ni wa usiku

Mama Salma: Bundi watu watalalamika

Babu: Walalamike, anakula panya wao. Mchore

Baba Tatu: Jumamosi asubuhi nakuja na brashi ya waya, nani ana ngazi ndefu?