Mapangaboi kwenye malisho ya Longido: kura yangu iko wapi?

Wa Longido, Hamburg
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Baba kanipigia jana usiku. Kuna kampuni ya nje imefika kijijini inataka eneo kubwa la malisho iweke mitambo ya umeme wa upepo, na mkutano mkuu wa kijiji ni mwezi ujao. Wazee wanauliza kama ng'ombe watatupa mimba kwa ule mlio. Mimi huku nayaona mapangaboi hayo kila siku nikiwa kwenye treni, na ng'ombe wamejilalia chini yake. Nimwambie akubali? Na je, naweza kumtuma mdogo wangu anipigie kura?

Dada wa Sakina, Toronto
Marahaba. Kura huna, mdogo wangu. Mkutano mkuu ni wa wakazi wa kijiji waliotimiza miaka 18, si wa watuma pesa (hata kama bati la ofisi umelipia wewe). Hati ya uwakilishi utauzia gari au kufuatilia kiwanja, mkutanoni haiingii. Wewe kazi yako ni simu.

Mlio waachie. Baba aulize hivi: ardhi itabaki ya kijiji, au inahamishwa kuwa ardhi ya jumla, ile inayosimamiwa na serikali kuu? Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya 1999, eneo lisilozidi hekta 250 kijiji kinaweza kukataa kulitoa. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo tu, mwamuzi ni Waziri. Na kampuni ya nje haimilikishwi ardhi ya kijiji hivi hivi, ndiyo maana huhamishwa kwanza. Ikishahama, siku kampuni ikifunga virago msidhani inarudi kwenu yenyewe. Fidia nayo ijadiliwe kabla, si baada.

Mzee wa Moshi, Nairobi
Huku tumeyaona. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, kule Marsabit, una mitambo 365, lakini ardhi iliyotolewa ni ekari 150,000. Wafugaji wakaenda mahakamani, na Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikasema hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata utaratibu. Wakati huo mitambo inazunguka miaka. Mradi wa upepo wa Kipeto, hapo Kajiado jirani zenu, ni habari nyingine: wenye ardhi walibaki na hati zao, wakakodisha. Ila wale walikuwa na hati, kila mtu na yake. Kwenu malisho ni ya wote. Kodi itaandikwa kwa jina la nani?

Wa Longido, Hamburg
Asanteni. Nimemsomea baba yote. Kumbe ramani waliyoonyeshwa imeingiza alalili, pale ndama wanapobaki kiangazi ng'ombe wakubwa wakienda mbali. Hekta hazikuandikwa popote. Mdogo wangu Jumatatu anaenda kwa mtendaji kuomba nakala ya ramani na muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji. Nauli nimeshatuma.